Fisi Aliyeazima Mafundi Tisa

— Hadithi ipo!
— Ije!
— Ina mkia!
— Tuushike!
— Mtaushika kwa mikono gani?
— Hii hapa!
— Mbona imejaa gundi? Tangu asubuhi nasema gundi ni ya karatasi. Si ya mikono, si ya nywele, wala si ya mkeka wangu. Haya, futeni. Wewe wa mwisho, usifutie gauni la dada yako! Basi kaeni. Mapambo ya Idi tutayamalizia baadaye, kama bado nitakuwa na akili zangu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuzipaka chokaa, alikuwepo Mama Nguchiro na watoto wake tisa. Nguchiro mnamjua: mnyama mdogo, mdomo mwembamba, macho ya kuchungulia, hana nguvu za kubeba hata kibuyu. Mumewe aliaga kwamba anakwenda kutafuta mayai, na mpaka leo anayatafuta.

Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, mji mzima ulifanya sikukuu, na sikukuu ile ilikuwa na desturi yake. Kila nyumba ilipamba mlango wake kwa kazi ya mikono. Asubuhi ya sikukuu Bi Kanga, mpishi wa mji, alipita na mwiko wake begani akitazama milango. Mlango uliompendeza, hapo ndipo alipoteleka chungu kikubwa cha wali wa nazi. Wanyama wote wakala hapo, na wakishakula, wenye nyumba wakabaki na ukoko.

Ukoko, jamani! Ule wa chini kabisa, uliokunywa tui lote ukakauka. Unautia mdomoni: kwaru, kwaru, kwaru!

Watoto wa Mama Nguchiro hawakuwahi kuuonja hata siku moja. Walikuwa na mchezo wao wa ukoko: wanaokota gae la chungu, wanaligonga kwa jiwe, wanasema "kwaru, kwaru," halafu wanajishika matumbo kama walioshiba. Mama yao akiwaona aligeuka upande wa pili.

Kisa ni Fisi. Fisi alikaa ng'ambo ya kichuguu, peke yake, hana mke, hana mtoto, hajui kufunga hata fundo. Lakini alikuwa na mabega mapana na meno ya kuvunja mfupa wa nyati. Kila mwaka, siku tatu kabla ya sikukuu, alipita nyumba hadi nyumba. Ndi! Ndi! Ndi!

"Hodi! Jirani, naazima tu."

Anang'oa shada la maua kwa Mama Digidigi. Ndi! Ndi! Ndi!

"Hodi! Jirani, naazima tu."

Anabeba taji la makuti kwa Baba Kobe. Yote anakwenda kuyatundika kwake, chungu kinatelekwa kwake, na ukoko anaula peke yake mpaka kichwa kinakwama ndani ya chungu. Na hakuwahi kurudisha hata uzi. Wanyama walipomlalamikia Bi Kanga, alijibu, "Mimi naangalia mlango. Mengine sina habari nayo, nina wali unaungua."

Sasa mwaka huo Mama Nguchiro akaapa. "Mwaka huu mtakula ukoko. Nimesema."

Wakaanza kazi. Wakachuma majani ya ukindu, wakayatia rangi ya manjano na ya zambarau, wakasuka ukili. Wakapika gundi ya unga wa muhogo. Wakatunga mbegu, wakapaka rangi maganda ya mayai, wakatengeneza ndege wa makuti. Mtu ambaye hajawahi kutengeneza mapambo na watoto tisa asiniambie kitu kuhusu uchovu. Nasema hivyo na wengine hapa wananielewa.

"Mama, eti Kombo amechukua ukili wangu!"

"Kombo, mrudishie."

"Mama, eti Shani ananiangalia!"

"Shani, angalia kwingine."

"Mama, eti gundi inaliwa?"

"Hailiwi."

"Na kama mtu ameshaila?"

Huyo wa gundi ni Kidonge, kitinda mimba. Kidonge alikuwa na maswali kuliko nywele. Na ndiye aliyetengeneza ndege mwenye mabawa matatu, mawili kushoto, moja kulia. Mama Nguchiro alimtazama ndege yule, akashusha pumzi, akamtundika juu kabisa ya mlango ili Kidonge aache kuuliza atatundikwa lini.

Basi kwa kelele hizohizo, kwa kumwaga na kufuta, mlango ukapendeza. Ukapendeza hasa. Siku tatu zikabaki.

Ndi! Ndi! Ndi!

"Hodi! Jirani, naazima tu."

Fisi hakungoja karibu. Akavuta ukili, chwaa! Akakusanya maganda ya mayai. Akaviringisha mashada yote kwapani. Akamtazama ndege wa mabawa matatu, akasema, "Hili bovu," akamtupa chini. Watoto wakalia wote tisa kwa mpigo.

Mama Nguchiro alisimama pale, hasira zimemjaa. Apigane na Fisi? Angemalizwa kwa kofi moja. Na huku Kidonge anamvuta leso. "Mama, eti!" Anamvuta tena. "Mama, eti!" Anamvuta tena. "Mama, eti!" Kichwa kikawa kinataka kupasuka. Mama Nguchiro akamtazama Kidonge. Akamtazama Fisi, yule asiyewahi kulea hata kifaranga. Akawatazama watoto wake, mmoja mmoja, mpaka wa tisa.

Halafu akajitupa chini, pu! Akaanza kuomboleza.

"Chukua yote, Bwana Fisi! Chukua ukili, chukua mashada! Ila niachie mafundi wangu!"

Fisi akasimama. "Mafundi gani?"

"Hawa watoto. Unadhani mimi ndiye niliyesuka? Mimi nilikaa tu nikinywa uji. Wakishinda kwako siku tatu, mlango wako utazidi wa Simba. Lakini usiwachukue hao, nakusihi!"

Mate yakamtoka Fisi. Aliuona ukoko mbele yake, mpana kama ungo.

"Jirani," akasema, "naazima tu."

"Utawatafuna!"

"Wiki ya sikukuu kulana ni mwiko, nani asiyejua? Siku tatu tu, hawatapungua hata unywele."

Mama Nguchiro akafuta chozi la jicho moja, maana lingine halikutoa. Akawapanga watoto mstari. Akamwinamia Shani, mkubwa wao, akamnong'oneza, "Mwende mkamsaidie Amu Fisi. Mmsaidie kama mnavyonisaidia mimi."

Wakaenda. Nyumba ikanyamaza. Mama Nguchiro akakaa kizingitini akapika uji, akaunywa ungali moto. Tangu amzae Shani hakuwahi kunywa uji wa moto.

Alasiri ile: ndi... ndi... ndi... Fisi huyo, mweupe toka masikio hadi kucha.

"Jirani, unga wangu wote wa muhogo wamepika gundi."

"Gundi lazima iwepo, Bwana Fisi."

"Wameimwaga kitandani kwangu."

"Bila shaka hawakukusudia."

"Na yule mdogo ananiuliza kwa nini miguu yangu ya nyuma ni mifupi."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Akauliza tena. Nimehesabu mara arobaini."

"Mjibu tu," akasema Mama Nguchiro, "atanyamaza."

Ni uongo ule, ninyi wenyewe mnajua. Lakini Fisi hakujua. Akarudi.

Siku ya pili, adhuhuri: ndi... ndi... Fisi huyo. Manyoya yake yamejaa alama za viganja vidogo, za zambarau na nyeusi, mgongoni, mbavuni, mpaka mapajani. Mkia umenyolewa.

"Kumekuwaje tena, Bwana Fisi?"

"Walikosa pa kujaribia rangi. Manyoya ya mkia wameyanyoa watengeneze brashi." Sauti ilikuwa imemkauka. "Na yule mdogo nimemjibu. Nimemwambia miguu ni mifupi kwa sababu nilizaliwa hivyo. Akauliza, kwa nini ulizaliwa?"

"Ni swali zuri."

"Jirani, mimi sijalala! Huyu anataka maji, yule anataka haja, huyu anasema yule anamwangalia. Asubuhi wamenipa ncha ya ukili. Wakaniambia, 'Amu, shika hapa, usiachie.' Nikashika. Wakaenda kucheza!"

"Na sasa nani ameushika?"

Fisi akatazama mkono wake. Ncha ya ukili ilikuwa bado mle, ameibana barabara, na ukili wenyewe umemfuata nyuma, umepita michongomani, umezunguka kichuguu, mpaka nyumbani kwake. Fisi akakaa chini. Akafunika uso.

"Wachukue, dada yangu," akasema. "Wachukue leo."

"Aa, siwezi. Siku tatu ulizitaja mwenyewe. Mimi ni nani nikuvunjie neno?" Akamimina uji mwingine.

Siku ya tatu, jogoo hajamaliza kuwika: Fisi huyo tena, na safari hii watoto wote tisa anao. Wawili mgongoni, mmoja kila bega, wengine wanamfuata wakiimba, na Kidonge juu ya kichwa amemshika masikio.

"Jirani, narudisha!"

Mama Nguchiro akasimama mlangoni, miguu ameipanua, mikono kiunoni.

"Unarudisha nini?"

"Watoto!"

"Peke yao? Hapana. Kwangu mimi kitu cha mwisho kuazimwa ndicho cha mwisho kurudi. Anza na shada la Mama Digidigi. Halafu taji la Baba Kobe. Halafu la mwaka jana, na la mwaka juzi, na la mwaka ule mwingine."

"Vyote?"

"Uliazima tu, si ndivyo?"

Fisi akafungua kinywa afoke, lakini Kidonge akainama kutoka juu. "Amu, eti..."

"Nakwenda!" akapiga kelele Fisi. "Nakwenda, nakwenda!"

Akakimbia. Chini ya kitanda chake mlikuwa na mapambo ya miaka mitano, yamesongamana. Akayabeba, ndi-ndi-ndi-ndi, nyumba hadi nyumba, na kila mlango akayatundika mwenyewe, jasho linamtoka, huku Kidonge kichwani anamwelekeza: "Amu, limekwenda upande. Amu, bado. Amu, tena." Kwa Mama Nguchiro akamaliza jua linazama. Akamweka Kidonge chini polepole, akapiga hatua moja nyuma, akapiga mbili, kisha akatimka.

Asubuhi ya sikukuu Bi Kanga akapita na mwiko wake. Miaka mitano hakuwahi kupata shida ya kuchagua, leo milango yote imependeza. Akasimama hapa, akasimama pale. Akafika kwa Mama Nguchiro. Watoto tisa wamejipanga, hawapumui. Mama yao naye hapumui.

Bi Kanga akainua shingo. Pale juu, Mama Nguchiro alikuwa amemrudisha ndege.

"Huyu mbona ana mabawa matatu?"

"La tatu la akiba," akasema Kidonge.

Bi Kanga ni ndege asiyeruka mbali, mnajua. Akafikiri. Akafikiri. "La akiba!" akasema. "Mimi ningekuwa na la akiba, leo ningekuwa napika wali?" Akacheka mpaka mwiko ukamponyoka, kong! Ukaanguka kizingitini. Na mpishi mwiko wake ukianguka chini, atapika palepale.

Chungu kikaletwa. Wali ukaiva, wageni wakala, wakaondoka. Mama Nguchiro akashika upawa, akakwangua. Watoto wakapokea kwa mikono miwili. Kwaru! Hakuna aliyesema "eti." Kwaru, kwaru! Kwa muda mrefu ilisikika kwaru tu, na Mama Nguchiro hakugeuka upande wa pili, aliwatazama hadi machozi yakamtoka, safari hii macho yote mawili.

Kikabaki kipande kimoja, kikubwa. Ndiyo kwanza anakipeleka mdomoni.

"Mama, eti hicho ni cha Amu Fisi?"

Akakitazama. Akashusha pumzi. "Kampelekeeni."

Wakaenda wote tisa, mbio, wakiita, "Amuuu! Amu Fisiii!" Fisi alipozisikia sauti zile alifunga mlango kwa komeo, akatokea dirishani, akapotelea porini. Watoto wakarudi.

"Amu hayupo."

"Na ukoko uko wapi?"

Wakatazamana.

Tangu siku ile Fisi ana madoa, nayo ni viganja vile, havikutoka hata kwa maji ya mto. Na hatoki nje mpaka ahakikishe watoto wote wamelala. Sikukuu zikikaribia, Mama Nguchiro alipanda juu ya kichuguu akaita kwa sauti tamu, "Jirani! Mwaka huu huazimi kitu?" Porini kukasikika miguu tu, ndi-ndi-ndi-ndi, ikienda mbali.

Sasa, hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba watoto wasishike gundi, wasiulize maswali, na wasimsaidie mtu yeyote kazi yoyote, maana hawafai kitu. Mnacheka nini? Ndivyo inavyofundisha. Tena inatufundisha kwamba ukiazima kitu cha mtu usirudishe, kurudisha kunachosha, mwulizeni Fisi.

Hadithi yangu nimeitundika mlangoni. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda asiiguse, gundi haijakauka.

— Bibi, eti...

— Nendeni kwa jirani! Wote! Mwambieni nimemwazima, siku tatu.