Bi Semeni Alipokubali Zuio

Bwana Msabaha, tajiri wa mbao pale Muheza, alishindwa kesi ya nyumba aliyomdhulumu Bi Semeni, mshona mapazia. Hakuhama. Alikata rufaa, kisha akaomba mahakama izuie hukumu isitekelezwe mpaka rufaa isikilizwe.

"Hiyo ni miaka sita, bibi," alimwambia kwa kicheko. "Endelea kupanga vyumba vya watu."

Siku ya kusikilizwa ombi hilo alikuja mahakamani na wakili, wake zake wawili na walinzi wake wote, waje waone. Bi Semeni alifika peke yake, amechelewa, anahema.

"Unapinga zuio?" jaji alimuuliza.

"Sipingi, Mheshimiwa. Naomba tu amri iseme wazi: nyumba ibaki mikononi mwa aliyenayo saa hii, na asisumbuliwe mpaka rufaa iishe."

Msabaha alimvuta wakili wake koti. "Kubali upesi kabla hajabadili mawazo!"

Jaji akaandika, akasaini.

Msabaha aliporudi nyumbani alikuta makochi yake yamepangwa nje, mapazia mapya madirishani, na dalali wa mahakama amekaa getini.

"Nani kakuleta hapa?"

"Hukumu, mzee. Nimemkabidhi Bi Semeni funguo saa mbili asubuhi. Zuio lilikuwa bado halijatoka."

"Wakili, mtoe huyu mwanamke!"

Wakili alikuwa akiisoma amri upya. "Siwezi. Tumeiomba wenyewe."

Kesho yake, masjala ya mahakama ilipofunguliwa, Msabaha alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akiomba rufaa yake iharakishwe.