Chungu Kilichovaa Shaba

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu wanaongoja kupakuliwa. Chakula hakuna, kuna hadithi. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Mimi nimetembea sana, nimekula kwenye sahani za watu wa mbali, na nilichorudi nacho ni kitambi na hadithi hii. Kitambi mnakiona. Hadithi isikilizeni.

Hapo kale, kale iliyomzidi umri babu wa babu zenu, huko nchi ya Waisraeli, palikuwa na kijiji juu ya kilima. Kijiji kilikuwa na nyumba ya ibada, na nyumba ilikuwa na vyombo vyake. Ndani kabisa, kinara cha dhahabu. Uani, birika la shaba, makuhani wakinawa mikono na miguu. Na pembeni, kwenye mafiga, vyungu vya udongo, vyeusi kwa masizi.

Sheria yao ilikuwa hivi. Mtu akikosa bila kujua, ataleta mbuzi jike. Nyama itatokoswa palepale uani, makuhani wataila. Ikitokoswa katika chombo cha shaba, chombo kitasuguliwa, kitasuuzwa, kitarudi kazini. Ikitokoswa katika chungu cha udongo, chungu kitavunjwa. Paa! Hakuna rufaa.

Aliyefinyanga vyungu hivyo aliitwa Zakuri. Mtu mpole, udongo hadi kwenye nyusi. Asubuhi anafinyanga. Jioni anasikia kutoka kilimani: paa!

"Kile kilikuwa changu," humwambia mkewe.

"Najua," mkewe hujibu. "Kula."

Naye Zakuri hula kwenye gae, maana mfinyanzi hulia gaeni, hata huko kwa Waisraeli.

Lakini gae halikumuuma kama alivyomuuma shemeji yake Tola, kaka wa mkewe, mfua shaba. Tola hakuweza kupita mlangoni pake bila kumsalimu.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji."

"Ile sufuria aliyoifua marehemu baba bado inachemsha kule juu. Na chungu chako cha juzi, kinaendeleaje?"

Zakuri alicheka kwa meno tu. Moyoni alijiuliza: nikifa, wataonyesha nini waseme hiki ni cha Zakuri?

Basi akafinyanga chungu. Lo! Tumbo lake duara kama mwezi, mdomo mwembamba, shingo ya bibi harusi. Chini ya mdomo akabonyeza dole gumba lake, liwe alama yake. Akakichoma, kikapoa, akakigonga kwa ukucha: tiii! Zakuri akakipakata kama mtoto.

"Wewe," akakiambia, "huvunjwi."

Akaenda karakana ya Tola, akafagia vumbi la shaba sakafuni. Tola akafurahi kufagiliwa. Zakuri akalichanganya vumbi na utomvu wa msonobari, akakipaka chungu kote, akakisugua kwa ngozi mpaka kikang'aa. Alfajiri akakipandisha kilimani, akakiweka jikoni pamoja na vingine, akajibanza nyuma ya lundo la kuni.

Siku ile aliyeleta mbuzi alikuwa nani? Bibi Hogla.

Huyo ndiye tunayemkumbuka hadi leo. Bibi Hogla ndiye aliyeamua kesi za kijiji. Meno hakuwa nayo, lakini maneno yake yaling'ata. Sasa, mwaka ule aliamua kesi ya mpaka wa shamba, akaiamua vizuri mno, watu wakapiga vigelegele. Mavuno yalipofika akagundua kwamba shamba alimpa mwizi, na mjane mwenye haki alikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele, kwa adabu tu. Bibi Hogla akalitwaa shamba, akalirudisha kwa mjane mbele ya watu wote. Kisha akamfunga mbuzi kamba, akapanda kilima.

"Bibi, hata wewe?" kuhani Imeri alishangaa.

"Hata mimi. Kwani ulidhani mbuzi hawa ni wa wajinga peke yao?"

Kuhani Imeri, macho yake hafifu, akachagua chombo kilichong'aa kuliko vyote. Nyama ikaingia. Togo, togo, togo. Ikaiva. Kuhani akaonja, akatafuna polepole.

"Mchuzi wa leo," akasema, "una harufu ya mlango mpya."

Akala hata hivyo, sheria ni sheria. Alipomaliza akakitazama chombo kwa karibu. "Shaba hii ni nzuri! Tola, njoo. Ni kazi yako hii?"

Tola alikuwa uani, amekuja kukaza kishikio cha birika. Alikitazama chombo. Hakukumbuka kukifua. Lakini sifa ikikujia mlangoni, huiulizi imetoka kwa nani.

"Ah," akasema, "ni kazi ya kawaida tu."

"Kawaida? Hiki kitadumu! Vizazi na vizazi vitasema: hiki alikifua Tola!"

Nyuma ya kuni, Zakuri akaziba mdomo kwa mikono miwili. Chungu chake kimepona, sasa ni cha shemeji. Akisema, kitavunjwa. Akinyamaza, kitaishi milele na jina la Tola. Jamani, kuna mitego ambayo mtu hujitegea mwenyewe, na kuipamba juu yake.

Bibi Hogla alikuwa bado amesimama, ameegemea fimbo.

"Kuhani, mbona sijasikia paa?"

"Bibi, hiki ni shaba. Shaba haivunjwi, husuguliwa."

"Basi kisuguliwe. Nataka nione. Na akisugue mwenyewe aliyekifua, yeye ndiye anayezijua kona zake."

Tola akachota mchanga na maji. Kwaru, kwaru, kwaru. Watu waliokuwa uani wakasogea kutazama. Kwaru, kwaru, kwaru. Maji yakatoka ya dhahabu. Kwaru, kwaru. Maji yakatoka mekundu. Tola akatazama viganja vyake, akatazama chombo. Shaba ilikuwa mikononi. Chomboni ulikuwa udongo.

"Tola, mwanangu," Bibi Hogla akasema, "siku hizi shaba mnaichota mtoni?"

Uani pakalipuka kicheko. Tola akakiweka chungu chini kama aliyeshika kaa la moto. "Si changu! Wallahi—" Samahani, hakusema wallahi, hao ni Waisraeli. Aliapa kwa kiapo cha kwao.

Zakuri akatoka nyuma ya kuni, majani kichwani.

"Ni changu," akasema. Na ajabu ni kwamba sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Tazameni chini ya mdomo. Dole langu."

Kuhani akafoka. "Umedanganya nyumba ya ibada! Umeninywesha utomvu! Kwa nini?"

"Nilitaka kimoja kibaki. Kimoja tu."

Bibi Hogla akajongea, akalipapasa tumbo la chungu kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Kizuri," akasema. "Kizuri sana, mjukuu wangu. Lakini sikiliza. Dhahabu iko ndani, mchuzi haiugusi. Shaba ikichafuka husuguliwa, ikang'aa, ikasahau. Udongo ndio pekee unaokunywa unachomiminiwa. Kosa langu halimo tena moyoni mwangu, na kuhani amekwisha kula akashiba. Lililobaki limo humu, katika ukuta wa chungu chako. Katika nyumba hii yote, anayelibeba la mwenzake hadi mwisho ni chungu. Unataka nikuachie ukalipange rafuni?"

Zakuri akakitazama chungu. Akakigonga kwa ukucha mara ya mwisho. Safari hii hakikulia tiii. Kilisema: ndu. Kimeshiba.

Akakiinua juu ya kichwa.

Paa!

Bibi Hogla akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Kisha akainama, akaokota kigae kikubwa, akakipangusa kwa upindo wa nguo, akampa Zakuri. Ndicho chenye alama ya dole.

"Hiki kakiweke kwenye lundo la vigae nje ya lango. Kwa heshima. Kesho lete kingine."

Miaka ikapita. Bibi Hogla akafa, Zakuri akafa, Tola akafa bado anaapa. Siku moja wakaja maadui juu ya farasi. Kinara cha dhahabu, wakabeba. Birika la shaba, wakalikatakata wakabeba. Sufuria ya baba yake Tola, wakaiyeyusha, ikawa njuga za ngamia. Askari mmoja akalipiga teke lundo nje ya lango: kwacha!

"Takataka," akasema. Wakaenda zao.

Leo kile kilima kitupu. Wachungaji wanaopita na mbuzi hawakuti dhahabu, hawakuti shaba. Wanakuta vigae. Na kimoja, chini ya mdomo, kina alama ya dole gumba. Ukiweka lako, linaingia.

Basi wanangu, anayekubali kubeba la mwenzake atavunjika, nisiwadanganye. Lakini kinachong'aa ndicho kinachoibwa.

Hadithi yangu imevunjikia hapo. Vigae vyake ni vyenu.