Mgeni Achague Kwanza

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama watu walioshiba mno. Haya, yatosha. Hapo zamani za kale, Kanga alitaga mayai manne kichakani. Nguchiro akahamia jirani. Na Nguchiro na mayai, mnajua wenyewe.

Lakini Nguchiro huyu hakuiba. Alikuwa na adabu. Alimwalika Kanga kwake, akamtandikia mkeka, akaweka dadu tatu mbele yake.

"Jirani, kuiba ni aibu. Tucheze. Ukinishinda, nahama. Nikikushinda, nachukua yai moja. Ukikataa, nitakuja usiku, na usiku sina adabu."

Kanga angefanya nini? Akakubali.

Dadu zenyewe hazikuwa za kawaida. Kila moja ilikuwa na namba tatu tu, kila namba mara mbili. Nyekundu: mbili, nne, tisa. Nyeupe: moja, sita, nane. Nyeusi: tatu, tano, saba. Kila mchezaji hushika yake, wanatupa pamoja, mwenye namba kubwa anajiwekea kokoto. Wanacheza kutwa. Jua likitua, Nungunungu, jirani asiyempendelea mtu, anahesabu kokoto.

"Mgeni achague kwanza," Nguchiro akasema, akainama.

Kanga aliona tisa, akachukua nyekundu. Nguchiro akachukua nyeusi. Wakatupa, wakatupa, wakatupa. Mara apate huyu, mara yule. Jua likatua, kokoto za Nguchiro zimezidi. Yai likaliwa.

"Mgeni achague kwanza."

Kumbe kali ni nyeusi! Kanga akaichukua. Nguchiro akachukua nyeupe. Wakatupa, wakatupa, wakatupa. Yai likaliwa.

"Mgeni achague kwanza."

Basi kali ni nyeupe! Kanga akaichukua. Nguchiro akachukua nyekundu, ile ile ya mwanzo. Wakatupa, wakatupa, wakatupa. Yai likaliwa.

Kanga akarudi kwake akalia. Alilia sana, siwafichi.

"Umerogwa, shoga," Nungunungu akamwambia. "Mpe na hilo la mwisho upumzike."

"Ngoja kwanza. Kati ya zile dadu, kali ni ipi?"

"Nyekundu. Si ina tisa?"

"Nyeusi iliipiga."

"Basi nyeusi."

"Nyeupe iliipiga."

"Nyeupe, basi! Mbona unanichosha?"

"Nyekundu iliipiga. Zinafukuzana kama watoto wanaozunguka nguzo. Shoga, hakuna dadu kali pale. Ukali ni kuchagua wa pili."

Asubuhi Kanga hakwenda kwa Nguchiro. Alifagia uwanja wake, akatandika mkeka, akaliweka yai la mwisho pembeni, akaita majirani wote. Nguchiro akaalikwa. Akaja mbio na dadu zake, mate yanamtoka. Akaketi.

"Haya, mama, chagua."

"Mimi? Hapa ni kwangu, bwana. Mgeni achague kwanza."

Nguchiro akawatazama majirani. Majirani wakamtazama.

"Tumbo linaniuma," akasema.

"Pole," wakamwambia. "Mgeni achague kwanza!"

Akachukua nyekundu. Kanga akachukua nyeusi. Wakatupa, wakatupa, wakatupa. Adhuhuri Nguchiro alikuwa mbele. Kanga aliogopa, aliogopa kweli, maana dadu haina ahadi ya mtupo mmoja. Akaendelea kutupa. Jua likatua. Nungunungu akahesabu, akarudia kuhesabu.

"Za Kanga zimezidi."

Nguchiro akafunga mkeka wake, akahama. Aliaga vizuri, kwa adabu.

Yai likaanguliwa, kikatoka kifaranga kimoja. Wale watatu hawakurudi. Kila jioni Kanga aliwaita wote wanne walale, akaja mmoja.

Hadithi yangu imekomea hapo. Na dadu ninazo, hizi hapa. Mkitaka tucheze, sogeeni. Moto huu ni wangu, nyinyi ni wageni. Chagueni kwanza.