Kumbikumbi Aliyengojea Mvua ya Kweli

Hadithi, wenzangu, iingie?

"Iingie!"

Iingie na viatu au bila viatu?

"Bila viatu, iketi mkekani!"

Haya, sogeeni. Wewe wa mlangoni, punguza kutafuna mahindi, wenzako hawasikii.

Hapo zamani za kale, ndani ya kichuguu chenye giza totoro, aliishi binti kumbikumbi, jina lake Nyamizi. Alizaliwa gizani, akalelewa gizani. Msimu ule akaota mabawa manne, marefu kuliko yeye mwenyewe.

Wazee wa kichuguu walikuwa wakisema: "Juu kuna uwazi usio na ukuta. Mwenye uwazi huo huwaita wenye mabawa kwa mvua. Asiyeitika msimu wake, mabawa humkaukia, akafia ndani."

Mlangoni alikaa mjomba wake, Ngulu, askari mchwa mwenye kichwa kikubwa kama nini. Huyo alicheka mpaka taya zikagongana.

"Uwazi! Nimelinda mlango huu maisha yangu yote. Wametoka wengi, hajarudi hata mmoja. Nionyeshe huo uwazi, mpwa wangu, nami nitaamini."

"Nikuonyeshe vipi, mjomba, nawe huna macho?"

Maana askari mchwa hana macho, wenzangu. Ngulu akanuna kidogo, kisha akacheka tena. Walipendana sana hao.

"Basi wewe mwenye macho umeona nini?"

"Sijaona kitu. Lakini macho haya ni ya nini humu gizani? Na mabawa haya ni ya nini shimoni, hata kugeuka ni taabu? Siwezi kukuthibitishia, mjomba. Ila nina sababu ya kungoja."

Siku ya kwanza wakasikia: ta-ta-ta! ta-ta-ta! "Mvua!" wakapiga kelele kumbikumbi, wakakimbilia nje. Nyamizi akagusa ukuta. Mkavu. Akanusa. Vumbi tupu. Akabaki.

Kumbe ni watu! Wamechomeka vijiti kando ya kichuguu, wanavigonga kuiga mvua, na shimo la mtego wameshachimba. Jioni harufu ya kumbikumbi wa kukaanga ikaingia mpaka ndani.

Siku ya pili, tena: ta-ta-ta! Leo watu walimwaga na maji. Udongo wa mlangoni ukanukia, moyo wa Nyamizi ukaruka. Akakimbia kugusa ukuta wa nyuma. Mkavu! "Mvua gani hii inayonyesha mlangoni peke yake?" Akabaki. Jioni, harufu ileile.

"Umeona?" alisema Ngulu. Safari hii hakucheka. "Wameitwa mara mbili, wamekaangwa mara mbili. Kaa ndani, mwanangu. Nitakulisha mimi."

Nyamizi alilia kwa hofu. Kisha akafuta machozi.

"Mjomba, hao wanaoiga mvua wanaiga nini, kama mvua haipo?"

Ngulu akarudi mlangoni pake, akategea nje.

Siku ya tatu ikaja sauti isiyo na mpango: po! Kimya. Po-po! Halafu mngurumo mzito, kichuguu kizima kikatetemeka. Nyamizi akagusa ukuta wa mbele: umelowa. Wa nyuma: umelowa. Wa pembeni: umelowa! Hata hivyo hakuwa na uhakika, ila akaenda mlangoni.

"Mjomba, nipishe."

Ngulu akapisha. Tena akamsukuma kwa kichwa chake, taratibu, asimvunje bawa.

Nyamizi akaruka. Yalaa! Mwanga! Juu hakuna ukuta, kulia hakuna ukuta, kushoto hakuna ukuta! Kumbikumbi kutoka vichuguu vyote wamejaa hewani, wanacheka, wanazunguka, wanaimba. Naye akaimba: "Upo, mjomba! Uwazi upo!"

Akashuka mbio kwenda kumwambia. Alipotua, mabawa yakapukutika, ndivyo walivyo kumbikumbi wote. Na mlango ulikwisha kuzibwa kwa udongo na mchwa wa ndani. Akagonga, akaita, hakusikika. Hapo akaelewa kwa nini hajarudi hata mmoja. Akaulalia ule udongo, akambusu mjomba wake kupitia ukuta, kisha akaenda kuchimba nyumba yake mwenyewe huku bado anaimba.

Wenzangu, kuamini usichokiona si ujinga, mradi una sababu na hujaacha kupima. Ujinga ni kuukimbilia kila mlio. Na ujinga mwingine ni kufia ndani ukimngoja aliyetoka arudi akuonyeshe.

Hadithi nimeitua. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda atunge yake.