Siku Zumaridi Alipokataa Kungoja Lori

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo ni sauti ya wagonjwa. Mmekula nyinyi, au mmeonjeshwa tu? Paukwa!

— PAKAWA!

Haya, sasa nina wasikilizaji. Na nyinyi watu wazima mnaojifanya mnachambua mboga, sogeeni karibu. Nawaona masikio yamesimama.

Hapo zamani za kale, zamani ya wanyama kusema, na zamani hiyo hiyo ilikuwa tayari na malori. Usinitolee macho, wewe! Hadithi ni yangu. Nikisema palikuwa na malori, palikuwa na malori.

Basi palikuwa na bonde likiitwa Ndago. Humo waliishi kima, na mbega, na nyani, na hao ndio walikuwa wenye farasi. Na mbali huko, nyuma ya vilima vya mawe, palikuwa na uwanda, na katika uwanda palikuwa na bwawa kubwa. Kiangazi kikikaza, maji yote ya nchi hukauka isipokuwa bwawa hilo. Lina mifereji, kila bonde na mfereji wake, na kila mfereji umezibwa kwa mbao.

Wanyama wakajiwekea desturi. Siku ya ngoma, farasi wa kila bonde hukimbizwa uwandani, kutoka kigingi hadi kigingi. Atakayetangulia, mfereji wa kwao hufunguliwa kwanza. Wengine hufuata. Lakini ngoma ikinyamaza kabla hajafika farasi hata mmoja, bwawa ni la nyati. Na nyati akishaingia majini, yanayobaki si maji tena. Ni uji.

Mmenisikia? Ni uji! Hakuna bonde litakalokunywa.

Sasa katika Ndago alikuwapo farasi jike, mwekundu, shingo ndefu, jina lake Zumaridi. Mwenyewe alikuwa Mwinyi Kima, mzee wa kofia na fimbo. Zumaridi alikuwa hodari wa mbio, na alijua. Ukimwambia, "Zumaridi, unakimbia!" anakujibu, "Najua." Ukimwambia, "Zumaridi, unapendeza!" anakujibu, "Najua." Basi, mazungumzo yamekwisha.

Lakini farasi huyu, pamoja na mbio zake zote, hakwenda uwandani kwa miguu. Thubutu! Alipelekwa kwa lori. Lori la Kiboko, na Kiboko mwenyewe ndiye dereva, tumbo limeukumbatia usukani. Zumaridi hufungwa matambara kwatoni asiguse mawe. Hutandikiwa majani makavu. Turubai hushushwa, jua lisimguse. Kisha ngrrr! ngrrr! tuku-tuku-tuku! Anapanda Ndago, anashuka uwandani. Katikati haoni kitu.

Ndiyo maana watu wa Ndago walikuwa na kipimo chao. Ukiwauliza, "Uwandani ni mbali?" wanakujibu, "Madebe manne." Ya mafuta! Hakuna aliyekutajia kilima, hakuna aliyekutajia bonde. Madebe manne, basi.

Mwaka mmoja mafuta yakapanda bei. Leo yakapanda. Kesho yakapanda. Keshokutwa watu wakasema sasa yamechoka, na yakapanda tena.

Mwinyi Kima akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema Kiboko.

"Marahaba. Siku ya ngoma imekaribia, mwanangu. Tupeleke."

Kiboko akapiga miayo, mdomo wazi kama mlango wa ghala. "Mzee, ulichonipa mwaka jana, mwaka huu kinakufikisha kilimani. Pale nazima gari, mnashuka."

"Kilimani kuna nini?"

"Kuna kilima."

Mwinyi Kima akarudi amenuna. Wenye farasi wakakutana. Mbega, yule wa manyoya marefu, mwenye farasi aitwaye Sultani, akasema, "Tungoje. Bei itashuka." Nyani akasema, "Tuchangie lori moja, tupakie farasi wote." Wakajaribu. Wakawapakia wote, wamebanana shavu kwa shavu. Wa mbele akamkanyaga wa nyuma. Wa nyuma akarusha teke, bam! Ubao wa lori ukang'oka. Kiboko akawashusha wote, hata wale waliokuwa wametulia.

Mwinyi Kima akaenda zizini, kofia mkononi.

"Zumaridi, mwanangu, mwaka huu hatwendi."

"Kwa nini?"

"Uwanda umekuwa mbali."

"Umehama?"

"Haujahama."

"Bwawa je, limehama?"

"Nalo halijahama."

"Sasa umekuwaje mbali?"

Mwinyi Kima akajikuna kichwa. "Mafuta yamepanda."

Zumaridi akainama akatazama miguu yake. Wa mbele upo. Wa pili upo. Ya nyuma yote miwili ipo. "Na hii je?" akauliza.

Mwinyi Kima akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo ni ya mbio, mama! Si ya safari."

Lakini Zumaridi hakucheka. Alikumbuka kiangazi kimoja alipokuwa bado ananyonya. Mwaka ule Ndago walipata maji mwisho. Mama yake alimwachia matone yaliyokuwapo, naye mwenyewe hakuuona mwisho wa kiangazi. Zumaridi alikuwa na maringo, sikatai. Lakini kiu aliijua, na aliiogopa kuliko kitu chochote duniani.

"Mimi nakwenda," akasema. "Na wewe unakwenda nami. Farasi akifika bila mwenyewe hahesabiwi. Kofia vaa."

Bonde zima likatoka kutazama. Mbega akapiga kelele juu ya paa, "Zumaridi, ni madebe manne!"

"Madebe manne ni hatua ngapi?"

Mbega akamtazama Nyani. Nyani akamtazama Kiboko. Kiboko akatazama magurudumu. Hakuna aliyejua.

"Basi nitakwenda kujua," akasema Zumaridi, akatimua. Tarakata-tarakata-tarakata! Mwinyi Kima juu, kofia hewani. Akakimbia kama anavyokimbia siku ya ngoma, kwa nguvu zote, maana mwendo mwingine hakuujua. Akamaliza mashamba. Akamaliza vichaka. Akaingia kilimani, na mawe ya kilimani yana meno. Ko! Aa! Ko! Aa! Kwato zilizolelewa katika matambara zikapasuka pembeni. Pumzi zikamwishia. Akasimama, jasho linatiririka, na kilele cha kilima bado kiko juu kinamtazama.

Hapo, ndugu zangu, maringo yalimtoka kidogo. Kidogo tu. Akapumua, akasema, "Shuka."

"Nani?" akauliza Mwinyi Kima.

"Kuna mwingine juu yangu?"

"Zumaridi, mimi ni mwenye farasi. Mwenye farasi hatembei."

"Na farasi wa mashindano naye hatembei. Basi tukae hapa tusitembee wote wawili."

Wakakaa. Jua likawaka. Nzi wakaja. Mwinyi Kima akashuka.

Akatoa matambara mfukoni. "Nikufunge kwato."

"Usinifunge," akasema Zumaridi. "Nikifungwa sitajua ninakanyaga nini. Nitajifunza." Akatazama huku, akatazama kule, akaona kando ya njia kuna mtaro mkavu, mchanga wake laini. Kumbe ndio mfereji wa Ndago wenyewe, unatoka bwawani unashuka mpaka kwao! Miaka yote ulipita pembeni mwa lori, hakuna aliyeufikiria.

"Mwinyi, uliuona huu?"

"Turubai lilikuwa chini," akasema Mwinyi Kima kwa sauti ndogo.

Wakaingia mferejini. Sasa hawakukimbia. Ko... ko... ko... Jua likiwa kali wanalala kivulini. Likipoa wanainuka. Ko... ko... ko... Chini ya jiwe moja wakakuta tope bichi, wakachimba, wakapata maji ya kulowanisha ulimi. Mwinyi Kima aliyezoea kubebwa akavua kofia akaijaza nyasi, akambebea farasi wake chakula. Yeye ndiye aliyebeba! Mmeona mambo hayo? Na kwato za Zumaridi zikaanza kukaza. Kila alipokanyaga, aliumia kidogo kuliko mwanzo. Akasema, "Nitafika." Mwinyi Kima akasema, "Najua."

Mara, ngrrr! ngrrr! Nyuma yao vumbi. Lori! Mbega alishindwa kuvumilia. Alipowaona wameondoka, wivu ukamuuma. Akampa Kiboko kila alichokuwa nacho nyumbani, hata blanketi la watoto, ili Sultani wake apelekwe. Lori likawapita, vumbi likawafunika, fuu!

"Kwaherini, waenda kwa miguu!" akapaza sauti Mbega dirishani. "Tutawasalimia maji!"

Mwinyi Kima akataka kulia. "Tumeshindwa, Zumaridi."

"Miguu yako imekatika?"

"Haijakatika."

"Basi nyanyua mmoja."

Ko... ko... ko... Wakatembea. Wakakipita kilima cha mwisho, wakaingia kwenye ardhi nyeupe ya magadi. Na katikati ya weupe ule wakaliona lori. Limesimama. Pu-pu-puuu, lilikuwa limesema, kisha kimya. Blanketi la watoto halikutosha.

Kiboko alikuwa amelala chini ya lori, anaota mto. Mbega amekaa juu ya debe tupu. Sultani yumo ndani, kichwa nje ya turubai.

Zumaridi akasimama. Kweli, angeweza kupita akicheka. Hakucheka. "Sultani, shuka twende. Uwanda ule pale, unaonekana."

"Nishuke nitembee?" akasema Sultani. "Mimi ni farasi wa lori."

"Lori gani? Hili lililolala?"

"Wametuma kunguru kutafuta mafuta. Yatakuja."

"Na ngoma ikinyamaza kabla hayajaja?"

Sultani akamtazama Mbega. Mbega akautazama mkia wake mwenyewe. "Vumbi litamchafua farasi wangu," akasema.

Zumaridi akaondoka. Alisikitika, nasema kweli alisikitika, maana Sultani alikuwa na miguu mizuri kabisa.

Kule uwandani ngoma ilikuwa inalia. Ndu! Ndu! Ndu! Mpigaji ni Mbuni, mwamuzi wa nchi, anapiga kwa mguu wake mrefu. Anapiga, anatazama njia. Anapiga, anatazama njia. Hakuna farasi. Mwaka huo wenye farasi wa mabonde yote walikuwa majumbani mwao, wanangoja bei ishuke! Na nyati wamejipanga ukingoni mwa bwawa, mstari mweusi, ndimi nje, mguu mmoja tayari umenyanyuka.

"Mbuni, umechoka," akasema Nyati Mkuu. "Acha kupiga."

"Bado nina nguvu kidogo," akasema Mbuni. Ndu. Ndu. Sauti inapungua. Ndu...

Ko... ko... ko...

Nyati wote wakageuza shingo.

Zumaridi akaingia uwanjani. Mwekundu amekuwa mweupe kwa magadi. Kando yake Mwinyi Kima, bila kofia, anachechemea.

"Ndago!" akaita Mbuni, na ngoma ikaruka, ndundundu! "Farasi wa Ndago amefika!"

Nyati Mkuu akakoroma. "Huyo hakubaliki! Lori lake liko wapi? Farasi wa mashindano huja na lori!"

"Desturi inataja lori?" akauliza Mbuni.

"Haitaji."

"Inataja nini?"

Nyati Mkuu akainamisha pembe. "Inataja farasi na mwenyewe."

"Huyu farasi. Huyu mwenyewe. Kuna lingine?"

"Akimbie basi!" akafoka Nyati Mkuu. "Kigingi hadi kigingi! Tuone kama anaweza kukimbia na miguu hiyo!"

Mbuni akamtazama Zumaridi. Uwanja wote ukamtazama Zumaridi.

"Nani mwingine anakimbia?" akauliza Zumaridi.

"Hakuna," akasema Mbuni.

"Basi nikimbie nimkimbie nani?"

Akatembea. Ndiyo, akatembea! Kutoka kigingi cha kwanza, ko... ko... ko..., shingo juu, mkia juu, maringo yote yamerudi mahali pake. Mwinyi Kima ubavuni mwake. Nyati wamesimama wanangoja, wanakauka midomo. Zumaridi hakuharakisha hata chembe. Akafika kigingi cha pili, akakigusa kwa pua.

"Ndago wa kwanza!" akasema Mbuni.

Zumaridi akageukia mbao za mfereji wa Ndago. Akazipiga teke kwa kwato zile zile zilizopasuka na kukaza. Kwaa! Maji yakatoka. Chuuuuu! Kisha akamwambia Mbuni, "Wafungulie na wengine. Wako nyumbani, wana kiu, na hawajui." Mifereji yote ikafunguliwa, na nyati wakapata zamu yao mwisho, kama siku zote.

Maji yakateremka mferejini. Yakapita katika ardhi nyeupe ya magadi, chini ya pua ya Sultani, chuuuuu, yakiteremka kwenda kwao. Mbega akaruka kutoka kwenye debe lake.

"Maji! Nani ameyafungua?"

Kiboko akafumbua jicho moja chini ya lori.

"Aliyefika," akasema.

Basi, wakubwa na wadogo, funzo ni hili, nalisema wazi asije mtu akaniambia hakulisikia. Kinachokubeba ni kizuri, panda, sikukatazi. Lakini usikae katika kubebwa mpaka ukasahau kwamba una miguu. Siku kikiwa ghali, siku kikikosekana, unachokitaka hakijahama. Kiko pale pale. Inuka ukifuate.

Hadithi yangu imefika ukingoni na imeishia papo hapo. Koo limenikauka. Nani ataniletea maji? Na aje kwa miguu yake.