Mama Aliyetuliwa Jiwe

Ndugu zangu, kabla sijafika kwenye neno lenyewe, niwasimulie habari ya mama mmoja. Msianze kugeuka geuka kutazamana, hayupo humu. Nimemtunga mwenyewe juzi nikichambua maharage na mke wangu. Na yote mtakayosikia kuhusu kiungulia na kichefuchefu ni ya mke wangu, maana mimi nimebeba mizigo mingi maishani, lakini mimba bado.

Basi, mama huyu alikaa milimani, kule ambako nyumba zimeshika ubavu wa mlima na gari linaishia chini barabarani. Alikuwa na nguvu za ajabu. Siku za msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kina mama walipokwenda mtoni kuchukua mawe ya kujengea kanisa, yeye aliliendea lile jiwe ambalo wanaume walikuwa wamelipita wakijifanya hawakuliona. Kwenye kwaya ndiye aliyepiga ngoma. Kukiwa na shughuli, sufuria kubwa inayohitaji watu wawili kuisonga, aliitwa yeye peke yake.

Lakini alikuwa na jeraha. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Ile ya kwanza aliitangaza mapema, miezi miwili tu, na kijiji kizima kikapiga vigelegele. Akaletewa vitenge, akaletewa mpaka beseni la kumwogeshea mtoto. Wiki tatu baadaye hakukuwa na mtoto, beseni likabaki pale ukutani. Kina mama mliopitia hapo mnajua uchungu wa kuliona beseni hilo kila asubuhi. Mimba ya pili ilimharibikia njiani, mvua inanyesha, anateremshwa kwa machela kwenda zahanati. Njia ilikuwa nyembamba, wabebaji wakateleza, wakasimama, wakateleza tena. Walipofika, mkunga alitikisa kichwa tu.

Kwa hiyo ya tatu ilipoingia, alimwambia mumewe peke yake. Akasema, "Safari hii sitaki vigelegele, na sitaki pole. Mdomo nimeufunga." Akajifunga kanga mbili, akavaa na sweta la mumewe juu, akamshukuru Mungu kwa baridi ya mlimani. Kisha akanunua daftari, akalificha chini ya debe la unga, na humo ndimo alimosemea. Alimwandikia mtoto. Kila ukurasa ulianza hivi: "Wewe uliye ndani."

"Wewe uliye ndani, leo umekataa vitunguu. Baba yako anasema mchuzi bila kitunguu ni maji ya moto. Nimemwambia malalamiko akuletee wewe."

"Wewe uliye ndani, nimekula udongo, ule wa sokoni. Najua si chakula. Wewe ndiye uliyeniagiza."

"Wewe uliye ndani, leo umecheza. Nilikuwa napepeta mchele, nikaacha. Nimekaa na ungo mapajani mpaka kuku wakaja wakala. Naogopa kufurahi. Lakini nimefurahi."

Kina baba, msicheke. Mngejua mwenzenu anaongea na nani akiwa peke yake jikoni, mngeingia na adabu.

Sasa sikilizeni yaliyompata. Jumamosi moja, mimba ina miezi minne, yuko mtoni, amejitwika jiwe lake. Akaja Mama Mwenyekiti wa kina mama, bibi mmoja mkali mwenye sauti ya kufukuzia nyani shambani. Akamtua lile jiwe kichwani bila hata kuomba ruhusa. "Wewe leo kaa hapa na watoto," akasema. Wenzake wote wakapandisha mlima na mawe yao, na yeye akabaki mtoni na watoto, masikio yanamwaka moto.

Mwezi uliofuata, mwalimu wa kwaya akachukua ile ngoma akampa binti mwingine. Yeye akaambiwa akakae benchi la nyuma, karibu na mlango. Karibu na mlango, jamani, wanapokaa wachelewaji! Mzee Shemboko, sijakutaja, endelea kusikiliza.

Haya. Mimba ilipofika mwezi wa sita, ukatokea msiba ng'ambo ya bonde. Mama wa watu akaamka asubuhi, akajifunga, akasimama mlangoni na kisu chake cha kumenyea. Kina mama wakapita na kuni zao na miko yao. Wakamsalimia vizuri tu, "Umeamkaje, mwenzetu?" Wakaendelea na safari. Hakuna aliyesema, twende. Ninyi mnajua maana yake. Jirani anaweza kukunyima chumvi, mkaendelea kuwa majirani. Akikunyima msiba, amekutoa katika watu.

Na mwezi wa saba ndio wakaja wanaume na majembe, wakachimba njia pembeni mwa nyumba yake. Wakakata michongoma ya uzio, wakang'oa mpaka tuta zima la magimbi. Alipomuuliza mumewe, mumewe akajibu, "Wanasema wanatengeneza njia." Yeye akasema, "Njia imekuwa hapo tangu babu zao. Leo ndiyo wameiona?"

Ile jioni akaandika ukurasa ambao hata mimi niliyeutunga unaniuma kuusema. "Wewe uliye ndani, sasa nimeelewa. Kwa hawa watu mimi ni mkosi. Aliyepoteza wawili hatakiwi kushika jiwe la kanisa, wala ngoma, wala sufuria ya msiba. Lakini wewe si mkosi. Nitakutoa hapa kabla hawajakuona."

Akaazimia kuondoka. Dada yake alikuwa ameolewa kule tambarare, safari ya siku nzima nyuma ya lori, barabara ya mashimo, na yeye mimba imeingia mwezi wa nane. Mumewe akamkalisha chini.

"Mke wangu, lori lile linamwaga hata viazi vilivyofungwa kwenye magunia. Mtoto atafika?"

"Na hapa atafika wapi, katikati ya watu wasionitaka?"

"Umewauliza?"

"Nitawauliza nini? Nimeona kwa macho yangu, na nimeandika."

Mumewe akainuka akaenda kufungia kuku. Wanaume, kuna mahali hata mimi ningekwenda kufungia kuku. Lakini usiku wa mwanamume yule ulikuwa mrefu, maana alijua kwamba kwenye lori lile anaweza kupoteza wote wawili.

Naona kina mama wengine mmeshaanza kutabasamu. Tulieni, msiniharibie hadithi.

Alhamisi, siku ya ibada ya kina mama, yule mama akaenda na daftari lake. Alitaka kuaga, na alitaka kuwaambia ukweli wao kabla ya kuondoka. Ibada ilipokwisha akasimama, akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti. Siku fulani, mlinitua jiwe mbele ya watu. Siku fulani, mlininyang'anya ngoma. Siku fulani, mlinipita mlangoni mkaenda kwenye msiba. Siku fulani, mlituma wanaume wakang'oa magimbi yangu. "Jumamosi naondoka," akasema. "Nilitaka tu mjue kwamba sikuwa mjinga. Niliona yote."

Mama Mwenyekiti akainuka taratibu, akashika benchi, maana magoti yake yalikuwa ya zamani. Akasema, "Mwanangu, umeandika vizuri na tarehe. Hebu nisaidie. Siku ya jiwe, tumbo lilikuwa la miezi mingapi?"

Yule mama akakosa pa kutazama. Mkono ukaenda wenyewe kwenye sweta.

"Tumbo gani, bibi?"

"Mwanangu, sweta la mumeo ni kubwa, lakini halifuniki mlima."

Hapo kina mama wakacheka, kicheko cha machozi. Mtu akijificha hudhani wenzake wote ni vipofu.

"Minne," akasema kwa sauti ndogo.

"Na sisi tulihesabu minne. Tulijua tangu ulipoziba pua kwenye jiko la arusi, wewe uliyekuwa ukitafuna kitunguu kibichi. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minne, aliyekwisha kupoteza mbili, nimwache apandishe jiwe lile? Na ngoma ile unayoipiga kwa mwili mzima? Mlangoni tulikuweka upate hewa, maana ulikuwa ukiyumba. Na msiba, mama yako hakukufundisha kwamba mwenye mimba haachwi kwenye moshi na kilio? Tulipokupita asubuhi ile, nililia mpaka ng'ambo, nilivyokuona umesimama na kisu chako."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mimba inatajwa na mwenyewe. Ulinyamaza, nasi tukanyamaza. Ile ya kwanza tulipiga vigelegele mapema, vikageuka miiba. Tuliapa humu ndani, wote, kwamba safari hii midomo yetu haitatangulia."

"Na magimbi yangu?"

Mama Mwenyekiti akavuta pumzi. Akasema, "Ile njia, mara ya pili, ilikuwa ya watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ndiyo maana waliteleza na wewe. Nimewaambia wanaume waipanue, waweke na mawe, wabebaji wanne wapite sambamba bila kugusana. Wamefika mpaka barabarani. Magimbi tutakupandia mengine."

Ndugu zangu, yule mama alikaa chini palepale sakafuni. Alilia jinsi ambavyo hakuwahi kulia hata kwa zile mimba mbili. Lori la Jumamosi likaondoka bila yeye.

Wiki tatu baadaye, mchana, mvua ikinyesha tena, uchungu ukamshika. Wakaja wanne na machela. Wakateremka sambamba, miguu juu ya mawe, na hakuna aliyeteleza. Kabla ya jioni mtoto wa kike alilia kwenye zahanati ile, na safari hii mkunga hakutikisa kichwa, alicheka. Vigelegele vikapigwa kuanzia kule barabarani mpaka mtoni. Mama akaomba daftari lake, akaandika, "Wewe uliye nje sasa, karibu."

Arobaini ilipopita, akambeba mtoto mgongoni, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na daftari lake akiuliza swali moja: "Siku ile, jiwe langu alilibeba nani?" Maana jiwe lile halikutembea lenyewe. Akaambiwa: mjane mmoja mwembamba, ambaye hakuwahi kumtilia maanani, alilipandisha mlima huku akipumzika mara nne. Akaandika jina lake pale pale, chini ya lile lalamiko. Akaandika jina la aliyepiga ngoma mpaka viganja vikachubuka. Akaandika jina la aliyemenya sehemu yake ya ndizi msibani. Ilipofika zamu ya njia, majina hayakuenea ukurasani, ikabidi aandike pembezoni.

Sasa nije kwetu sisi.

Sisi nasi tuna daftari. Hatulifichi chini ya debe la unga, tunalificha hapa kifuani, lakini tarehe zimo. Siku fulani nilinyimwa, siku fulani niliwekwa benchi la nyuma. Siku fulani niliomba, Mungu akanipita mlangoni na kuni zake kana kwamba hakuniona. Tumeandika vizuri sana. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kurudi akauliza, jiwe langu alilibeba nani?

Sisemi kila mlango uliofungwa ulifungwa kwa upendo. Kuna watu wanafunga milango kwa roho mbaya tu. Nawafahamu, na wengine wanaimba vizuri. Na kuna mawe tuliyobebeshwa ambayo hakuna aliyekuja kutua. Mama yule alipoteza wawili, na mimi sitasimama hapa kukueleza kwa nini. Ninalosema ni hili: tusiharakishe kupanda lori. Tuulize kwanza. Mumewe alimwuliza neno moja tu, "Umewauliza?" Neno hilo lilikuwa na maana zaidi kuliko mahubiri yangu yote ya mwaka huu.

Na ninyi mnaopenda kimyakimya, msijipige kifua. Wale kina mama walimpenda, kweli, lakini kimya chao karibu kimpandishe kwenye lori. Midomo isitangulie, sawa. Lakini mkono ungeweza kumshika bega. Macho yangeweza kumwambia, tunajua, tupo. Mtu hawezi kusoma upendo usioandikwa popote. Mke wangu yuko pale mbele na ananitazama, kwa hiyo na mimi nimelisikia.

Mungu wetu ni wa kuchimba njia mapema. Anaichimba wakati wewe unahesabu magimbi yaliyong'olewa, unalia kwamba ameharibu ukingo wa shamba lako. Hakukueleza, na wewe hukuuliza. Kumbe anatazama mvua ya wiki tatu zijazo.

Na mwisho. Kama yupo humu ndani leo mama anayehesabu miezi kimoyomoyo, anaogopa kufurahi, amevaa nguo mbili na joto lote hili, mimi simtaji. Sikuona kitu. Namwambia tu kwamba Jumamosi hii msaragambo hautakuwa wa mawe ya kanisa. Wanaume wote mje na majembe, tunaanzia juu kwenye nyumba ya mwisho, tunateremka mpaka barabarani.

Tusimame tuombe.