Mazoya Aonja Pinot Noir

Dodoma alikuwepo mkulima wa zabibu, Mazoya, mwanamke asiyekosa jibu. Siku moja yeye na wifi yake walimpelekea Bwana Tesha, mwenye hoteli kubwa, divai yao aonje. Tesha akacheka mbele ya wageni wake.

"Mama, mimi hunywa pinot noir ya Ufaransa. Chupa moja, ng'ombe mzima! Hii yenu wapeni mbuzi."

"Hiyo pinot noir naijua, bwana mkubwa," Mazoya akasema, akifuta pua kwa ncha ya khanga.

"Wewe? Haya! Nakumiminia glasi tatu, moja tu ndiyo ya Ufaransa. Ukiitambua, nanunua divai yenu yote. Ukikosa, naichukua bure."

Mazoya akaonja kama wataalamu. Akaizungusha glasi ya kwanza, akanusa, akasukutua, akatema kwenye ndoo ya kutemea iliyokuwa kando ya meza, na iliyobaki akaimwaga humo humo. Tesha akatabasamu. Ya pili nayo ndooni, pwaa! Tesha akashika kiti. Ya tatu ilipomwagwa, alikuwa anapiga mluzi.

"Ni ya pili," Mazoya akatangaza. "Inanukia matunda ya porini na udongo wa mvua ya kwanza."

Wageni wakapiga makofi. Tesha akanywea, akanunua yote.

Njiani wifi yake akamuuliza, "Harufu zote hizo ulizinusaje?"

Mazoya akapiga chafya. "Harufu gani, wifi? Nina mafua wiki nzima! Mimi nilikuwa namwonja Tesha. Nilipomwaga ile ya pili, nusura ajitose ndooni."